Mlima Elgon, Mlima Uliochukua Jina la Watu

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Kitale asubuhi na mapema, wakati umande haujakauka katika mashamba ya mahindi, huuona Mlima Elgon upande wake wa kushoto, nao haumshtui hata kidogo. Hauna ncha kali wala barafu kama Mlima Kenya, wala hausimami peke yake uwandani kama Kilimanjaro. Ni mgongo mrefu wa rangi ya samawati, ulioinuka polepole kutoka upande mmoja wa macho hata upande wa pili, kama ng'ombe dume aliyelala akicheua. Wengi huupita hivyo hivyo, wakidhani ni vilima tu. Kumbe ni mlima wa pili kwa urefu katika nchi ya Kenya, na kwa upana wa tako lake ni wachache duniani, miongoni mwa milima ya moto isimamayo peke yake, wawezao kushindana nao. Kutoka ukingo mmoja wa tako hilo hadi wa pili ni yapata kilometa 80. Ndiyo maana haushtui: ukubwa wake umetandazwa chini badala ya kurundikwa juu.

Mlima huu ni volkano iliyozimika. Wataalamu wa mawe husema kwamba ulianza kutapika moto zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, zamani sana kabla ya Kilimanjaro kuwako. Moto ulipokwisha, kichwa cha mlima kilibomoka kikatumbukia ndani, kikaacha kasoko kubwa yenye upana wa kama kilometa 8, nayo imezungukwa na vilele pande zote kama chungu kilichomegeka ukingo. Kilele kirefu kuliko vyote ni Wagagai, chenye mita 4,321, nacho kimo Uganda. Sudek kimesimama juu ya mpaka wenyewe. Koitobos, ambacho juu yake ni tambarare mfano wa meza, kina mita 4,222, na ndicho wapandacho wageni wengi watokao upande wa Kenya.

Mpaka wa nchi mbili umepita juu ya mlima. Hufuata mto Lwakhakha, hupanda nao mpaka Sudek, kisha hushuka pamoja na mto Suam kuelekea kaskazini. Kabla ya mwaka 1902 mlima wote ulikuwa katika Uganda. Mwaka huo jimbo la mashariki la Uganda lilitiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na ndugu waliokuwa wakichunga mahali pamoja wakaamka asubuhi wakiwa raia wa serikali mbalimbali. Mbuzi na ng'ombe hawakuarifiwa habari hiyo, na kwa miaka mingi waliendelea kuvuka kama desturi yao.

Maji ya Elgon nayo hayajui mpaka. Mto Suam hutoka ndani ya kasoko yenyewe, hupasua ukuta wa mashariki katika bonde jembamba lenye chemchemi za maji ya moto, halafu hugeuka kuitwa Turkwel na kwenda kuwanywesha watu na ngamia wa nchi kavu hata Ziwa Turkana. Mito ya kusini na mashariki huingia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Victoria. Ile ya magharibi, kama Manafwa na Sipi, huteremka Uganda hata Ziwa Kyoga. Basi mvua moja inyeshayo juu ya mlima hugawanywa katika maziwa matatu, na watu waishio mbali sana, ambao hawajapata hata kuuona mlima, hunywa maji yake kila siku.

MAPANGO YA CHUMVI

Njia ya kawaida kwa mgeni ni kutoka Kitale kupitia upande wa Endebess hata lango la Chorlim, safari isiyozidi kilometa 30. Akiisha kupita lango, mgeni huingia katika msitu wa miti mirefu ya podo na mitarakwa, ambamo mbega weusi wenye mikia myeupe huruka kutoka tawi hadi tawi kama watu waliovaa kanzu. Huko ndiko yaliko mapango, nayo ndiyo yaliyoupa mlima sifa yake ya kwanza ulimwenguni.

Yanayotembelewa zaidi ni Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makingeny lina mdomo mpana, na maji huporomoka mbele yake kama pazia. Kitum limeingia ndani ya mlima kwa kadiri ya mita 200, na ndani yake ni giza tupu. Mwenye taa akimulika kuta ataona mikwaruzo mingi sana, mirefu na mifupi, kana kwamba mafundi wenye patasi wamefanya kazi humo miaka na miaka.

Mzungu wa kwanza kuyaandika mapango hayo alikuwa Joseph Thomson, aliyefika mlimani mwishoni mwa mwaka 1883 na msafara wake wa wapagazi wa pwani. Alikuta watu wakiishi humo pamoja na ng'ombe wao. Alipoziona zile kuta alistaajabu, akafikiri kwamba haiwezekani wenyeji wamechimba mapango makubwa namna ile. Akatoa shauri kwamba huenda yalichimbwa na taifa fulani la kale lenye maarifa, lililotoka mbali. Siku ya mwisho ya mwaka ule ule, akiwa safarini kurudi Baringo, nyati alimpiga pembe akakaribia kufa, na habari ya mafundi wa kale ikabaki katika kitabu chake bila kuulizwa zaidi.

Mafundi wenyewe walijulikana baadaye kwa watu wa nje, ingawa wenyeji waliwafahamu tangu zamani. Ni ndovu. Mvua nyingi ya mlima huosha chumvi kutoka katika udongo, hata majani ya msituni hayana chumvi ya kumtosha mnyama mkubwa. Lakini majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa jiwe bado yanayo. Basi ndovu huja usiku mmoja mmoja wakifuatana, mama na ndama, huingia gizani wakipapasa njia kwa mikonga, hupita kando ya mashimo makubwa yawezayo kumuua ndama akiteleza, wafike mwisho wa pango. Huko huvunja jiwe kwa pembe zao, hulisaga kwa magego, humeza. Tangu mwaka 1980 mtaalamu wa wanyama Ian Redmond alikaa mapangoni kuwatazama, na tangu hapo jambo hili limejulikana dunia nzima. Ndovu waendao chini ya ardhi kuchimba chumvi ni ajabu ambayo haina mfano wake kwa urahisi mahali pengine.

Wachimbaji hawakuwa ndovu peke yao. Nyati na pongo hulamba kuta, na wafugaji wa mlimani nao waliyachimba mawe hayo wakayaponda ili kuwapa ng'ombe wao. Mtu na ndovu walitumia ghala moja la chumvi, mmoja mchana na mwingine usiku. Mpango huo ulidumu mpaka walipokuja majangili wenye bunduki katika miaka ya 1970 na 1980. Ndovu wengi waliuawa, hata mlangoni mwa mapango, na waliosalia wakajifunza kuogopa.

Haifai kuyasifu mapango bila kutaja hatari yake. Mwaka 1980 mgeni mmoja aliyekuwa ameingia Kitum aliugua homa kali ya kutoka damu akafa, na mwaka 1987 kijana mmoja aliyetembelea pango lile lile alikufa vivyo hivyo. Ugonjwa ulikuwa ule uitwao Marburg. Baadaye wataalamu walithibitisha kwamba popo wa matunda wa namna ya wale waliomo Kitum huwa na vidudu vya ugonjwa huo. Wageni wengi wameingia na kutoka salama, lakini mwenye busara hawagusi popo wala mavi yao.

WENYE JINA

Watu ambao Thomson aliwakuta mapangoni waliitwa Wakony. Wamasai waliwataja kwa namna yao, Il-Kony, na masikio ya wasafiri yakalifanya jina hilo Elgon. Wako wengine wasemao kwamba jina limetoka katika maneno ya Kimasai yenye maana ya mlima wa ziwa la mama, kwa sababu ya umbo lake la mviringo; lakini maelezo ya kwanza ndiyo yaliyo na nguvu zaidi. Ikiwa ni hivyo, basi ramani zote za dunia zinawataja Wakony kila zinapoutaja mlima, na wenye jina ni watu wachache ambao sehemu kubwa ya mlima si yao tena.

Wakony ni ukoo mmoja katika jamii ya Wasabaot, pamoja na Wabok, Wabong'om na Wasebei walioko Uganda. Lugha yao ni ya kundi la Kalenjin. Katika lugha hiyo nchi hugawanywa kwa maneno mawili: soi, yaani bondeni kwenye joto, na mosop, yaani juu kwenye baridi. Mgawanyo huu ni wa maana sana mlimani Elgon. Walioshuka soi waligeuka wakulima wa mtama na baadaye wa mahindi. Waliobaki mosop, juu ya msitu na juu ya mianzi, katika nyika za majani zilizo kwenye kimo cha yapata mita 3,000, walifuga ng'ombe, wakawinda, wakatundika mizinga ya nyuki msituni. Hao ndio Waogiek wa Chepkitale upande wa Kenya, na Wabenet au Wamosopisyek upande wa Uganda.

Maofisa wa zamani waliwaita Wandorobo. Jina hilo si lao. Ni neno la Kimasai la kumtaja mtu asiye na ng'ombe, nalo lina dharau ndani yake. Na kwa watu wa Chepkitale lilikuwa pia si kweli, maana ng'ombe walikuwa nao. Lakini neno likiisha kuandikwa katika faili huwa gumu kufutika. Mtu aliyeandikwa kuwa mwindaji anayetangatanga ni rahisi kuhesabiwa kuwa hana mahali, na asiye na mahali hakuna wa kumwomba ruhusa.

Kwa watu hao mlima si mandhari ya kutazamwa. Ni ghala ya chakula, duka la dawa na zizi. Asali hutumika kwa chakula, kwa pombe ya sherehe na kwa mahari. Mwanzi hutoa nyumba na vyombo. Magome na mizizi ya miti fulani hujulikana na wazee kwa majina na kwa kazi yake, na si kila mtu huruhusiwa kuichimba. Mapango yalikuwa maboma wakati wa vita: adui akija, wanawake, watoto na ng'ombe waliingizwa ndani na mdomo ukazibwa kwa magogo. Pango la Kitum, kwa maelezo ya wenyeji, limepata jina lake kwa kuwa ni mahali pa sherehe. Na katika nyika za juu yako makaburi ya wazee, ambayo hayana jiwe lililoandikwa, lakini kila ukoo unayajua yake.

MASABA NA WANAWE

Upande wa magharibi na wa kusini mlima hauitwi Elgon. Unaitwa Masaba. Wamasaba wa Uganda, ambao wengi huwaita Wagisu, husimulia kwamba mtu wa kwanza, Mundu, na mkewe Sera walitoka katika tundu la mlima, na kutoka kwao akazaliwa Masaba, baba wa kabila. Kilele cha Wagagai husemwa kuwa na jina la mkewe Masaba. Babukusu wa Kenya, ndugu zao kwa lugha na kwa mila, nao huutaja mlima kwa jina hilo hilo.

Iko hadithi nyingine ijulikanayo sana. Masaba alipotaka kumwoa Nabarwa, binti wa kabila la watu wanaotahiri, msichana alikataa mpaka bwana arusi akubali kisu. Masaba akakubali, na tangu siku hiyo wanawe wote hufuata. Sherehe hiyo huitwa imbalu. Hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na mwezi wa Agosti hufunguliwa Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Vijana hupakwa unga na matope, hucheza ngoma siku nyingi wakizungukia jamaa zao, na siku yenyewe husimama wima mbele ya watu wote bila kupepesa jicho. Aliyesimama vema amekuwa mtu mzima. Anaweza kuoa, kurithi shamba na kuzungumza katika baraza. Babukusu nao hutahiri vijana wao mwezi huo huo.

Hadithi ya Nabarwa ina jambo la kuangaliwa. Wamasaba wenyewe hukiri ndani yake kwamba mila iliyo kubwa kuliko zote kwao waliipata kwa kuoa kwa jirani, mtu wa jamii ya Kikalenjin au ya Kimasai. Wanasiasa wa siku hizi wanaosema kwamba makabila ya mlima huu hayajapata kupatana wangefaa kukumbushwa habari za binti huyo.

Katika miteremko ile Wamasaba wamelima ndizi tangu zamani, na kahawa tangu mapema katika karne ya 20. Udongo wa volkano huipenda kahawa. Mwaka 1954 wakulima waliunda Chama cha Ushirika cha Bugisu, kilichokuwa miongoni mwa vyama vya nguvu katika Uganda, na kahawa ya Bugisu ina jina jema katika masoko ya ng'ambo hata leo. Machipukizi ya mianzi yaitwayo malewa hukaushwa kwa moshi, huungwa kwa karanga, na hakuna karamu ya heshima isiyokuwa nayo. Mgeni aliyekirimiwa malewa haulizi tena kwa nini watu wanaupenda msitu.

Lakini miteremko hiyo imejaa watu, na mlima haukuahidi kusimama imara. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, upande wa mlima ulikatika Bududa ukafunika kijiji cha Nametsi, pamoja na duka, zahanati na watu. Wengi walikufa, na maiti za wengine hazikupatikana kamwe. Oktoba 2018 mto uliojaa mawe na matope uliua watu tena katika wilaya ile ile. Serikali ya Uganda imewahamisha baadhi ya watu mpaka bondeni, na wengine wao wamerudi, kwa sababu migomba na kahawa zao, na makaburi ya baba zao, yalibaki juu.

MLIMA ULIPOWEKEWA MIPAKA

Upande wa Kenya, mabadiliko makubwa yalianzia chini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Trans Nzoia yaligawiwa walowezi wa Kizungu, na Wakony waliokuwa wakichunga katika uwanda huo walisukumwa kuelekea mlimani. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ilisikiliza madai yao kabla ya kutoa taarifa yake mwaka 1934. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Mwaka 1968, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru, sehemu ya kilometa za mraba 169 ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Uganda nayo ilifanya sehemu yake kuwa hifadhi mwaka 1993, nayo ni kubwa zaidi, kilometa za mraba zaidi ya 1,100. Shirika la UNESCO liliutia mlima katika orodha yake ya maeneo ya uhai, upande wa Kenya mwaka 2003 na upande wa Uganda mwaka 2005.

Sababu za kuulinda zilikuwa za kweli. Ni nani awezaye kuyaona matope ya Bududa akasema kwamba miti ikatwe ovyo? Miti ya podo na ya Elgon ilikuwa ikikatwa kwa mbao, ndovu walikuwa wakimalizika, na mito ya maziwa matatu hutegemea msitu huo. Taabu haikuwa katika kulinda. Taabu ilikuwa katika kufikiri kwamba mlima ulikuwa mtupu.

Waogiek wa Chepkitale walianza kuhamishwa mwaka 1971 na kupelekwa Chebyuk, chini ya msitu, ili wapewe mashamba. Shabaha ilikuwa njema kwa maneno. Lakini mashamba hayakuwatosha, wengine wasiokuwa wa mlimani wakapewa, awamu ya pili ikafuata ya kwanza na ya tatu ikafuata ya pili, na kila mara karatasi za jana zilifutwa na za leo. Hasira iliyokusanyika huko Chebyuk ndiyo iliyozaa kundi la wenye silaha lililojiita Jeshi la Kutetea Ardhi ya Wasabaot, ambalo tangu mwaka 2006 liliua, lilikata watu masikio na kuwafukuza majirani. Machi 2008 jeshi la Serikali lilipanda mlima kulikomesha, na watu wasio na hatia waliteswa pande zote mbili. Mamia ya roho zilipotea. Wajane wa Elgon wanaojua waume zao walizikwa wapi ni wenye bahati.

Wakati huo huo wengi wa Chepkitale walikuwa wamekwisha kurudi juu, au hawakuondoka kabisa. Mwaka 2000 nyika yao, yapata hekta 17,000, ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Tangazo lilichapwa katika gazeti la Serikali, ambalo halisomwi sana na wachungaji. Walichokisoma ni moshi: nyumba zao zilichomwa, si mara moja, na kila mara walizijenga upya kwa mianzi ile ile.

Uganda mambo yalikwenda karibu sawasawa. Mwaka 1983 Wabenet waliahidiwa hekta 6,000 nje ya msitu. Wakati wa ugawaji wengi waliopata hawakuwa Wabenet, na Wabenet wengi hawakupata. Mipaka ilipopimwa upya mwaka 1993 ilionekana kwamba eneo lililogawanywa lilizidi lile lililokusudiwa, na waliokuwa wamejenga katika ziada hiyo wakaambiwa ni wavamizi. Walikwenda Mahakama Kuu ya Mbale. Oktoba 2005, kwa makubaliano ya pande zote, mahakama ilitamka kwamba Wabenet ni wenyeji wa asili wa mahali hapo na wana haki ya kukaa na kulima. Ni hukumu nzuri kwa kusomwa. Miaka mingi baada yake ziko jamaa za Kibenet zilizokuwa bado zinaishi katika vibanda vya muda vya miti na nailoni kando ya mpaka wa hifadhi, katika baridi ya mlima.

Watu wa Chepkitale nao walichagua njia ya mahakama badala ya ile ya bunduki, na katika nchi iliyoona mambo ya mwaka 2006 uchaguzi huo unastahili kuheshimiwa. Kesi yao ilichukua miaka mingi. Jirani zao wa lugha, Waogiek wa Mau, walishinda katika Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha tarehe 26 Mei 2017, na jambo hilo likawatia moyo. Hatimaye Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya iliamua kwamba kuigeuza ardhi ya Chepkitale kuwa hifadhi ya wanyama kulivunja katiba, na kwamba ardhi hiyo ni ya jamii iliyokaa humo.

Hata kabla ya hukumu hiyo, wazee wa Chepkitale walikuwa wamefanya jambo ambalo maofisa wengi hawakulitazamia. Waliitisha mabaraza, wanawake na vijana wakahudhuria, wakaziandika sheria zao za zamani katika karatasi, kifungu baada ya kifungu. Kuchoma makaa ni marufuku. Kulima mashamba ya kuuza ni marufuku, kwa kuwa jembe likiingia katika nyika ile majani hayarudi upesi. Kuua ndovu ni marufuku. Malisho hufunguliwa na kufungwa kwa majira, na kila mahali pa mizinga panajulikana ni pa ukoo gani. Wakachagua vijana wa doria kutoka miongoni mwao wenyewe, nao huzunguka msituni kuwatafuta wachoma makaa watokao chini.

Vijana hao hutembea kwa miguu, wamevaa makoti mazito ya mitumba na mabuti ya mpira, maana umande wa mosop hulowesha hata magoti. Wanapoona nyayo za ndovu zikielekea mapangoni, huzipisha.